Niliyoyaona Kwenye Basi Wilaya Zetu Mbili za Shule Zilipoungana

Naendesha basi la shule magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani. Niliingia kwenye kazi hii kwa muda tu, nikisubiri nyingine, kama wengi wetu tuliokuja huku. Hiyo nyingine haikuja, na basi likanizoea. Sasa nimekaa kwenye usukani muda wa kutosha kuona wilaya mbili za shule zikichumbiana, zikigombana, zikaungana, kisha zikaanza kulaumiana chini ya jina moja. Wageni wengi hudhani jambo hili ni la wakubwa, la ofisini. Mimi nimelionea kwenye kioo kile kirefu cha juu ya dereva, kinachonionyesha viti vyote hadi nyuma.

Kwa mtu aliyesoma Tanzania kama mimi, wilaya ya shule ya huku inachukua muda kuielewa. Haina mkuu wa wilaya wala haiko chini ya halmashauri. Ni mamlaka inayojitegemea, yenye mipaka yake, ambayo wakati mwingine inakatiza kaunti mbili au tatu. Inatoza kodi ya ardhi na majengo, inaajiri na kufukuza walimu, inakopa fedha za kujengea. Juu yake kuna bodi ya watu 7 wanaopigiwa kura na majirani zao, na kwa kawaida hawalipwi mshahara. Bodi yetu ya zamani ilikuwa na wakulima wa ngano, muuza mbegu, muuguzi na fundi wa trekta. Hao ndio waliokuwa wakiamua watoto wafunge lini na paa la ukumbi libadilishwe au lingoje. Unaweza kumkuta mjumbe wa bodi kituo cha mafuta ukamwambia jana supu ya watoto ilikuwa ya baridi. Atakusikiliza, maana kura yako anaijua kwa jina.

Barabara ninazopita zina historia yote hii ndani yake, ukijua pa kuangalia. Ardhi ya huku ilipimwa kwa miraba. Sheria ya mwaka 1785 iliagiza nchi igawanywe katika vitongoji vya miraba 36, kila mraba maili moja kwa maili moja, yaani kilomita 1.6 kila upande, na mraba namba 16 utengwe kwa ajili ya shule. Kansas ilipokubaliwa kuwa jimbo Januari 29, 1861, ilipewa miraba miwili kwa kila kitongoji, namba 16 na namba 36. Barabara za changarawe zikafuata mistari ya wapimaji. Ndiyo maana njia yangu haina kona ya kuzunguka, ni pembe mraba mwanzo mwisho, na ukikosea kugeuka unaendelea maili nzima ndipo upate pa kujirekebisha.

Ndani ya miraba hiyo walowezi walijenga shule kila mahali ambapo mtoto angeweza kufika kwa miguu. Chumba kimoja, mwalimu mmoja, darasa la kwanza hadi la nane. Kila shule ilikuwa wilaya yake yenyewe, yenye wajumbe wake na kodi yake. Mwishoni mwa karne ya 19 Kansas peke yake ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 9,000. Wilaya nzima watoto 12, bodi yake ndugu na mashemeji.

Kuna bibi mmoja ninayempitia, wajukuu zake hupanda basi langu, aliyesoma kwenye shule ya namna hiyo miaka ya 1940. Siku za theluji nyingi, watoto wakichelewa kuvaa mabuti, husimama mlangoni akanipa habari. Mwalimu wake alikuwa msichana mdogo, anapanga kwa wazazi wa wanafunzi, na kazi yake ya kwanza asubuhi ilikuwa kuwasha jiko la makaa ya mawe kabla ya kushika chaki. Wadogo walijifunza kwa kusikiliza wakubwa wakisomeshwa. Jioni za Ijumaa kulikuwa na mashindano ya tahajia, na akina mama walipika vikapu vya chakula vikapigwa mnada ili kununua vitabu. Nilitarajia aseme mambo yalikuwa mazuri siku zile. Hakusema. Alisema: "Nimemaliza darasa la nane sijagusa hadubini. Dada yangu aliacha shule kwa sababu sekondari ilikuwa mbali na baba hakuwa na gari la kumpeleka." Nimelishika neno lake hilo, kwa sababu wanaolilia shule ndogo za zamani wengi hawakusoma humo.

Kansas hii pia ndiyo ilikotoka kesi maarufu ya Brown dhidi ya bodi ya elimu ya Topeka, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1954, ikakataza kutenganisha watoto shuleni kwa rangi. Watu wanakumbuka ubaguzi, na ni haki yao. Mimi kama dereva nakumbuka zaidi kwamba yule mtoto, Linda Brown, alikuwa na shule karibu na kwao lakini ilimbidi atembee kando ya reli kwenda kupanda basi la kumpeleka shule ya mbali ya watoto weusi. Umbali nao unaweza kutumika kumwambia mtu yeye ni nani. Siku moja ya mapumziko nilikwenda Nicodemus, makazi yaliyoanzishwa na watu weusi mwaka 1877 baada ya kutoka utumwani. Jengo la shule yao la mwaka 1918 bado limesimama, ingawa wanafunzi hawako siku nyingi. Wao pia walikuwa na wilaya yao ya shule, na nayo ikaisha kama zilivyoisha za majirani zao wazungu.

Maprofesa wa elimu walianza kuhubiri kuunganisha shule mapema sana. Ellwood Cubberley wa California alikuwa akiandika juu ya shule za vijijini tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na ujumbe wao kwa jumla ulikuwa huu: shule kubwa, walimu wenye mafunzo, uongozi wa kitaalamu, wakulima waachie. Wakulima hawakuachia kwa hotuba. Kilichowezesha ni barabara na gari. Mwaka 1939 Frank Cyr, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, aliwakutanisha wawakilishi wa majimbo yote 48 ya wakati ule pamoja na watengenezaji wa mabasi. Wakakaa siku 7, wakatoka na vipimo 44 vya basi la shule, ikiwemo rangi. Walitundika mikanda ya rangi ukutani na kuchagua hiyo ya njano iliyokolea kidogo, kwa sababu maandishi meusi juu yake yanasomeka vizuri alfajiri na magharibi, kukiwa na giza nusu. Ninapolikagua basi saa kumi na moja na nusu asubuhi kwa tochi, nagonga matairi, nafungua mlango wa dharura, nawasha taa nyekundu na kile kibao cha kusimamisha magari, namshukuru yule profesa. Mwaka wa masomo 1939–40 nchi nzima ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000. Leo zimebaki 13,000 na ushee. Basi la njano limefanya kazi kubwa humo kuliko sheria yoyote.

Sheria nazo zilikuwepo. Kansas ilijaribu mwaka 1945, kamati za kaunti zikapewa nguvu ya kufuta wilaya ndogo, na zikafutwa kwa maelfu. Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema ile sheria ilikiuka katiba. Jaribio lililoshika ni la 1963. Mwisho wa miaka ya 1960 Kansas ilikuwa na wilaya 300 hivi, kila moja ikipewa namba, inayosomesha kuanzia chekechea hadi darasa la 12. Leo ni chini ya 290. Majimbo mengine yamekuwa makali zaidi. Arkansas ilipitisha sheria mwaka 2004 kwamba wilaya ikiwa na wanafunzi chini ya 350 kwa miaka miwili mfululizo lazima iunganishwe, ipende isipende. Huku kwetu ni hiari, kwa maana kwamba hakuna anayekulazimisha isipokuwa hesabu.

Na hesabu ina tarehe yake: Septemba 20. Siku hiyo kila wilaya Kansas inahesabu wanafunzi wake, na fedha za jimbo zinafuata idadi hiyo. Ukitaka kuona watu wazima wakipata wasiwasi, ingia ofisi ya shule ya kijijini wiki ile. Katibu wa shule yetu alikuwa akinipigia simu: "Wale watoto watatu wa nyumba ya karibu na ghala la nafaka umewabeba leo?" Niliwabeba. Akashusha pumzi. Familia moja yenye watoto wanne ikihamia mji mwingine, bajeti inatikisika. Sheria ya fedha za shule ya 1992 iliweka nyongeza kwa wilaya zenye wanafunzi wachache, kwa kuwa mwalimu wa fizikia mshahara wake ni uleule, afundishe 6 au 26. Nyongeza hiyo ilizibeba wilaya nyingi. Haikuweza kuleta watoto, lakini.

Watoto walikwenda wapi? Kwa kweli hawakuzaliwa. Kombaini moja inavuna kwa siku shamba ambalo zamani lilihitaji familia kadhaa na vibarua. Mashamba yakawa makubwa, wakulima wakapungua, na mgogoro wa madeni wa miaka ya 1980 ukawang'oa waliokuwa wakijishikilia. Njiani mwangu kuna kipande kirefu cha maili kadhaa ambako wenzangu wa zamani walisimama karibu kila mraba. Mimi napita bila kugusa breki.

Basi, wilaya yetu na ya jirani zikaanza mazungumzo. Utaratibu unaeleweka: bodi mbili zinaandika makubaliano, bodi ya elimu ya jimbo inayapitisha, kisha wananchi wa kila upande wanapiga kura, na upande mmoja ukikataa hakuna kitu. Jimbo linatoa kivutio kwa kuiachia wilaya mpya fedha za zile mbili zikijumlishwa, kwa miaka kadhaa, ili isiumie mara moja.

Nilihudhuria mikutano ya hadhara, kwanza kwa udadisi, baadaye kwa sababu nilianza kuogopa. Mkutano wa kwanza ukumbi ulijaa hadi ngazi za watazamaji. Nilidhani tutazungumzia masomo. Tukazungumzia rangi. Wao walikuwa wekundu, sisi kijani. Timu yao ilikuwa na mnyama wake, yetu na wake, na hizo timu zilikuwa zimechukiana tangu babu zao. Saa nzima ilikwenda kwa makombe: yatawekwa kwenye kabati gani, ya upande upi yatakaa mbele. Mzee mmoja alisimama na fulana ya mwaka ambao timu yao ilichukua ubingwa wa jimbo, akaongea huku sauti inakatika. Hakuna aliyecheka. Pale niliacha kuona mambo ya rangi kama utoto. Miji hii ina kanisa, ghala la ngano, posta inayofunguliwa nusu siku, na shule. Shule ikiondoka, ukumbi wa chakula cha msiba unaondoka, mwajiri mkubwa kuliko wote anaondoka, na sababu ya kijana aliyesoma kurudi na mkewe inaondoka nayo.

Lakini ramani ya basi haikuletwa mezani. Niliuliza baada ya mkutano wa pili, kwa upole, maana mimi ni mgeni na lafudhi yangu inanitangulia: watoto wadogo watakaa ndani ya basi kwa muda gani? Mkurugenzi wa shule alinijibu kwa heshima kwamba hayo yatapangwa baada ya kura. Nikarudi nyumbani, nikachukua ramani ya kaunti na penseli. Ukiweka sekondari mji mmoja na shule ya kati mji mwingine, kila basi linapita miji yote miwili asubuhi, linapita tena jioni. Mtoto wa mwisho kabisa kaskazini ataamka kabla jogoo hajawika.

Kura ilipita pande zote mbili, upande wetu kwa tofauti ndogo. Jina likawa jipya, rangi mpya, mnyama mpya aliyechaguliwa na wanafunzi wenyewe, na kwa hilo wanastahili sifa kuliko wazazi wao. Watoto walizoeana ndani ya wiki chache. Wavulana waliokuwa wakizomeana kwenye mpira wa kikapu wakawa wanashirikiana chipsi kiti cha nyuma, ambako hairuhusiwi kula. Timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ambayo pande zote ilishashuka hadi ule mchezo wa watu 8 badala ya 11, ikapata wachezaji wa akiba kwa mara ya kwanza.

Na masomo yaliboreka, sitaficha. Sekondari ikapata mwalimu wa kemia aliyesomea kemia. Kihispania kikafundishwa na mtu aliye darasani, siyo kwa skrini. Binti mmoja wa njia yangu, anayekaa mbele kwa sababu ya kichefuchefu, alisoma hesabu za juu ambazo kwenye shule yetu ya zamani angekuwa peke yake darasani, na akaenda chuo kikuu kusomea uhandisi. Kwa watoto wa miaka 15 kwenda juu, ningepiga kura ya ndiyo tena leo.

Kwa wadogo, sipigi. Makubaliano yalisema kila mji utabaki na shule yake ya msingi. Kila mtu alilisikia kama ahadi ya milele. Ila bodi ya wilaya ina haki kisheria kufunga jengo baada ya kuita kikao cha hadhara na kuwasikiliza wananchi, na bodi mpya ilikuwa na wajumbe wengi kutoka mji mkubwa, kwa sababu wapiga kura wengi wako huko. Fedha za kivutio zilipoanza kwisha, shule ya msingi ya mji mdogo ikafungwa. Kikao kiliitwa, wananchi wakasikilizwa, kura ikapigwa usiku uleule. Sina la kusema kuhusu uhalali wake. Hakukuwa na ujanja wowote, kila kitu kilikuwa kimeandikwa tangu mwanzo. Walioandika makubaliano walikuwa wanafikiria makombe.

Tangu hapo njia yangu inaanza saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Wa kwanza kupanda ni kaka na dada, mdogo ana miaka 5. Anakaa ndani ya basi saa moja na dakika ishirini, barabara ikiwa kavu. Mvua ikinyesha, zile barabara za udongo zisizowekwa changarawe zinageuka utelezi, inabidi nizunguke kwa lami. Majira ya baridi anapanda gizani na kushuka jioni gizani. Analala. Wanalala wote wadogo, vichwa vinagonga vioo kila tukipita kwenye matuta ya mchanga. Ndiyo maana mabasi yetu yana king'ora kinacholia dereva akizima injini, na hakizimiki mpaka utembee hadi kiti cha mwisho ubonyeze kitufe, ili uangalie kila kiti njiani. Zamani nilikuwa naona ni usumbufu. Siku moja nikiwa naelekea kwenye kitufe niliona kiatu kidogo kinachungulia chini ya kiti, na mwenyewe amejikunja sakafuni, ameshika begi lake, haoni hasikii. Nilimbeba hadi darasani, mwalimu wake akampisha alale tena kwenye zulia. Huyo somo la kwanza la kusoma limempita, na hakuna takwimu ya jimbo itakayoliandika.

Kuhusu kuokoa fedha, watu huniuliza kama zilipatikana. Mshahara wa mkurugenzi mmoja uliokolewa, kweli, na gharama ya kupasha moto jengo la zamani. Kisha dizeli ikapanda, mabasi yakaongezeka kilomita, matairi yakaisha mapema, na madereva hawapatikani. Jimbo linasaidia gharama za usafiri kwa watoto wanaokaa maili 2.5 au zaidi kutoka shule, yaani kilomita 4, na kwetu ni karibu wote. Mhasibu aliniambia pungufu na ziada vinakaribiana. Niliona alikuwa mkweli kuliko vipeperushi vya kampeni.

Sehemu iliyoniuma ambayo sikuitegemea ni jiko. Mpishi wa mji mdogo alikuwa akijua nani nyumbani kwao Ijumaa hakuna chakula, na mabaki yalikuwa yanaingia kwenye begi la mtoto bila maneno. Jiko jipya ni kubwa, safi, lina mashine ya vyombo. Wapishi wake ni watu wema. Watoto ni wengi, hawawajui bado. Yule mpishi wa mji mdogo alikataa kuhamia huko, akapata kazi kwenye nyumba ya wazee.

Mwaka huu wilaya ya jirani zetu wa magharibi imeanza mazungumzo na wilaya nyingine. Dereva wao mmoja, mzee aliyewahi kunivuta na trekta lake nilipozama kwenye theluji, alinipigia simu Jumapili kuniuliza mambo yalikuwaje. Nikamwambia mambo matatu ya kupeleka kwenye bodi kabla makubaliano hayajasainiwa. Waandike dakika za juu kabisa ambazo mtoto wa chini ya darasa la tatu ataruhusiwa kukaa kwenye basi. Waandike shule za msingi zitabaki wazi kwa miaka mingapi, na kura ngapi za wajumbe zitahitajika kufunga moja. Na wamwite dereva mmoja kutoka kila upande achore njia mbele ya watu, kwenye ramani kubwa, siku ya mkutano wenyewe.

Alikuwa anaandika, nilisikia kalamu. Akaniomba nirudie hilo la dakika. Nikamuuliza bodi yao imefika wapi. Akasema wamekutana mara kadhaa, wanaendelea vizuri, ila bado wako kwenye rangi za jezi.